Siku Shangazi Zena Alipomnyoa Bwana Harusi

Kijana wangu wa pili ameanza kuota ndevu, na kwa kuwa baba yake yuko safarini, mimi ndiye niliyekwenda dukani kumtafutia mashine ya kunyolea. Nilikuta rafu nzima imejaa. Kulikuwa na mashine za nyembe mbili, za nyembe tatu, za nyembe tano, zenye vipini vya rangi na vichwa vinavyocheza huku na huku, kila moja ndani ya pakiti ngumu ambayo bila mkasi huifungui. Chini kabisa, mahali ambapo hakuna anayeinama, walikuwa wameweka kopo la sabuni ya kunyolea, ile ya zamani ya mviringo. Nikaliokota, nikafungua kifuniko, nikanusa. Mlinzi wa duka alinikazia macho, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka pale. Nilikuwa uani kwetu Makole, miguu peku kwenye sakafu ya saruji yenye baridi, nimechuchumaa kumtazama Shangazi Zena akikoroga povu.

Ninyi wa rika langu mnaijua asubuhi ya Dodoma ya miezi ile ya kipupwe, upepo unapoingia uani na vumbi lake na kila mtu anatafuta kaukuta ka kujibanza. Siku ya Ijumaa, upepo uwepo usiwepo, Babu alitolewa nje na kuketishwa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. Babu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa sokoni, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na balaghashia isiyo na doa. Uzeeni mikono yake ikaanza kutetemeka, akawa hawezi tena kujinyoa kabla ya kwenda msikitini. Kazi hiyo ilimwangukia Shangazi Zena, binti yake, ambaye alikuwa amerudi nyumbani kutoka Nkuhungu baada ya ndoa yake ya pili kuvunjika. Nasema ilimwangukia, lakini ukweli ni kwamba aliidaka kwa mikono miwili.

Mashine ya Babu ilikuwa ya chuma, nzito, yenye mpini uliochongwa mistari ili usiteleze mkononi. Ukizungusha kitako chake, kule kichwani milango miwili midogo inafunguka. Unalaza wembe mmoja, ule wa kawaida unaopatikana kwenye duka la Mangi yeyote wa mtaani, unazungusha tena, milango inafunga. Kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa kifaa cha ajabu kuliko vyote ndani ya nyumba, redio ikiwemo. Shangazi alikuwa akimwekea Babu taulo la maji moto usoni, anangoja kidogo, anampaka povu kwa brashi, halafu anaanza. Aliishika mashine kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kijiko kimoto, na aliiteremsha taratibu kufuata ndevu zilivyolala. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ile naisikia hadi leo.

"Mbona huikandamizi?" nilimuuliza siku moja.

"Ya nini? Uzito inao wenyewe," akasema. "Ukiikandamiza unamchinja mzee wa watu."

"Sikia anavyonitisha binti yangu," Babu akasema kutoka ndani ya povu, na sisi sote tukacheka.

Akimaliza alimfuta, akampitishia jiwe la shabu, lile la kukausha damu, lililoloweshwa maji, na Babu alijikunja kwa ule mwasho wake. Hapo ndipo muujiza ulipotokea. Mzee aliyetoka chumbani akiburuta miguu, mwenye mavi ya kuku mashavuni kama alivyoziita mwenyewe mvi zake, alikuwa ameondoka. Aliyeketi pale alikuwa mwanamume mwenye mashavu yanayong'aa, anayetania watu na kudai chai yake. Nikafikia uamuzi wangu wa kitoto, na sikumwambia mtu. Niliamini kuwa uzee ni ndevu. Miaka inaota usoni, na kila Ijumaa Shangazi anaifyeka. Kwa hesabu yangu, Babu asingekufa kamwe maadamu Shangazi Zena yupo na mashine ipo.

Kisha Shangazi alisafiri kwenda Kondoa kwenye msiba wa rafiki yake, mvua ikakata barabara, akakawia. Babu akashikwa na kifua. Nilikuwa nikichungulia mlangoni na kuona kidevu chake kikizidi kuwa cheupe siku baada ya siku, na hakuna mtu aliyekuwa akifanya chochote kuhusu jambo hilo. Walimpa dawa, wakamsugua mgongo, wakamsomea dua. Nyembe hawakuzigusa. Shangazi aliporudi alikuta watu wamekwisha kutoka makaburini. Mimi nilijua kilichomuua Babu, na nilishangaa watu wazima walivyoshindwa kuona jambo la wazi namna ile.

Baada ya hapo, wa kusema nyumbani akawa Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa. Sitaki mumwone mtu mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Alitulisha sote, alituuguza sote, na ukipotea alikutafuta hadi akupate. Lakini aliamini mikosi kuliko nilivyoamini mimi mashine. Kwake yeye, Zena alikuwa mwanamke wa ndoa mbili zilizovunjika, ambaye hata baba yake alifia mbali na mikono yake. Hakumtukana hata siku moja. Alimwondoa tu kiungwana kwenye kila jambo la heri. Akija mwali kupakwa hina, Zena alitumwa sokoni. Akizaliwa mtoto, Zena aliambiwa akaangalie mchele. Shangazi alikuwa anakwenda, anarudi, anaangalia mchele, na alizoea kunyamaza kiasi kwamba tulidhani hajali.

Ndipo Baba Mdogo Shabani alipopata mchumba, Saida, binti wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, hukohuko Makole. Sasa lazima niwaeleze desturi ya kwetu. Bwana harusi wetu hanyolewi saluni wala hajinyoi chumbani. Hunyolewa uani, asubuhi ya ndoa, amefunikwa shuka nyeupe, ndugu wa pande zote mbili wakitazama na wanawake wakiimba. Anayemnyoa lazima awe mtu mwenye mkono wa heri, maana mkono huo ndio unaomtoa ujanani na kumkabidhi kwenye nyumba yake. Akimkata, damu ikadondoka kwenye shuka, basi. Habari hiyo itatembea mtaani hadi wajukuu waisikie. Babu ndiye aliyekuwa amewanyoa wanawe wote. Amebaki huyu wa mwisho, na Babu hayupo, na Baba Mkubwa macho yalikuwa yameingia ukungu.

Kikao kilifanyika sebuleni. Nilikuwa nimejilaza mkekani, nikijifanya nimesinzia.

"Nipeni mimi," Shangazi Zena akasema. Nilifumbua macho, kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia akiomba kitu. "Shabani nimembeba mgongoni. Mashine ya baba ninayo, kunyoa najua. Nipeni kazi hiyo moja tu."

Mama Mkubwa alikohoa kidogo. "Zena, mdogo wangu, nani asiyejua mapenzi yako kwa huyu kijana? Lakini siku hiyo jikoni kutakuwa na moto wa kutosha. Pilau itamtaka mtu wa kuaminika."

"Pilau," Shangazi akasema.

"Ndiyo, mama. Pilau."

Hakuna aliyemtetea. Shangazi akainuka, akapita karibu yangu, na nikauona uso wake. Nimeyaona mambo mengi ya kusikitisha tangu siku ile, na bado uso ule naweza kuuchora. Kazi ya kumnyoa Baba Mdogo alipewa rafiki yake, Hamisi wa Miyuji, mcheshi mmoja hivi, ambaye mke wake alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mapacha. Mkono wenye heri ya mapacha utautia kasoro gani?

Hamisi alikuja na mashine yake iliyonunuliwa Dar es Salaam. Ilikuwa nyepesi, ya plastiki ya buluu, yenye kichwa cha kubadilisha kilichopangwa nyembe tatu. Kichwa kilikuwa kinapinda chenyewe kufuata shavu. Hakuna kulowesha taulo, hakuna kuzungusha vitako. Unapaka povu la kopo, unapitisha, umemaliza. Alimwachia Baba Mdogo aitumie wiki nzima ili ngozi iizoee, na asubuhi ya kwanza Baba Mdogo alitoka bafuni akijipapasa.

"Dada Zena, shika hapa. Shika!"

Shangazi akamshika shingoni. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Laini kweli," akasema. "Hata ya baba haifiki hapa."

"Umeona? Ya kwenu iwekeni makumbusho."

"Ngoja kesho kutwa."

Kesho kutwa ilipofika, shingo ya Baba Mdogo ilikuwa imetutumka vipele, kuanzia chini ya taya hadi kwenye koromeo, vingine na vichwa vya usaha. Naye, badala ya kuacha, akawa anavinyoa ili viondoke, kwa kupandisha juu, kinyume cha ndevu. Vikaongezeka. Shangazi mmoja wa upande wa Saida alikuja kuleta ujumbe, akamwona, akaondoka bila kumaliza soda yake. Jioni tukaulizwa, kwa adabu sana, kama kijana wetu ana maradhi ya ngozi ambayo tungependa kuyataja kabla ya ndoa.

Baba Mdogo akaja jikoni kwa dada yake kwa kunyata, amejifunga skafu shingoni.

"Usije ukaniambia 'nilikwambia'," akasema.

"Sisemi kitu. Geuka nione." Shangazi akamgeuza kwenye mwanga. "Sikiliza, Shabani. Kwenye hiyo ya Hamisi wembe wa kwanza unazivuta nywele, wa pili unazikata, wa tatu unazifuata mpaka ndani ya ngozi. Ndiyo maana siku ile ulikuwa laini hivyo. Sasa ndevu zetu sisi ni za kujikunja. Zikianza kuota tena huko ndani hazioni pa kutokea, zinajichimbia pembeni. Hiyo ya baba ina wembe mmoja, inakata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Haikufanyi laini kama sahani, lakini kesho yake unalala usingizi."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Usinyoe tena mpaka siku yenyewe. Jioni njoo nikukande na maji ya moto."

Alikuja kila jioni, na vipele vikaanza kunywea. Mimi nawaambia haya kama mtu mzima ambaye mume wake anatumia mashine ya nyembe nyingi na hana hata kipele kimoja, kwa sababu ana ndevu za kuhesabika na zimenyooka. Ana haraka zake, na ile mashine haimkati hata akijinyoa huku anasoma ujumbe kwenye simu. Kila uso una mashine yake. Tatizo letu lilikuwa kwamba mashine ilichaguliwa kwa kutazama mkono wa mtu na mapacha wa mtu, na uso haukuulizwa.

Siku ikafika. Ua ulijaa hadi kuta zikapotea. Baba Mdogo aliketi kwenye kigoda cha Babu, shuka nyeupe imemfunika hadi miguuni, ndevu za siku kadhaa zikiwa zimesimama. Jirani yetu Mama Chilewa, Mgogo mwenye sauti ya kusikika hadi stesheni, ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Jikoni moshi wa pilau ulikuwa unapanda, na Shangazi Zena alikuwa ndani ya moshi huo. Hamisi akapaka povu la kopo, akafanya mbwembwe, akalinyoa shavu la kulia. Likatoka safi, na vigelegele vikapigwa. Nawaambia ukweli, lilitoka safi.

Aliposhuka shingoni ndipo mambo yalipokwama. Ndevu zilikuwa ndefu kidogo, nyembe tatu zile zilikuwa zimebanana, nywele zikajaa katikati. Hamisi akasuuza. Akapitisha, ikagoma. Akakung'uta kwenye beseni, akasuuza tena, akapitisha kwa kukandamiza. Kipele kikachanika. Damu ikateremka kwenye koromeo, ikaifikia shuka, ikatanuka.

Wimbo ukakatika. Wanawake wa upande wa Saida wakatazamana. Mtu mmoja akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini, na sote tukamsikia.

"Imbeni!" Mama Mkubwa akaamrisha. "Mnanyamazia nini? Imbeni!"

Hakuna aliyeimba. Hamisi akaitumbukiza mashine yake kwenye beseni na kuiacha humo. Na mimi, niliyekuwa nimekaa mbele kabisa, niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Niliona ndevu zimebaki nusu ya uso. Niliona mtu mwingine ninayempenda anaachwa na miaka yake usoni, na watu wazima wamesimama tu.

"Mwiteni Shangazi Zena!" nikapiga kelele. "Babu alikufa kwa sababu Shangazi hakuwepo kumnyoa! Na Baba Mdogo atakufa! Mwiteni!"

Kutaja kifo kwenye harusi! Mkono wa mtu ulinifunika mdomo hadi puani. Mama Mkubwa alifumba macho. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na babu yake Saida, mzee mrefu aliyekaa kwenye kiti cha wageni, akainua fimbo yake kidogo.

"Huyo ndiye aliyekuwa akimnyoa marehemu?" akauliza. "Mimi nilikuwa nasimama naye safu moja kila Ijumaa. Nilikuwa nikimwonea wivu uso wake. Nikadhani ana kinyozi wake wa siri, ananificha."

Baba Mdogo akainuka, povu upande mmoja, damu upande mwingine. "Mimi nataka anyoe dada yangu," akasema. "Na kama kuna mkosi, uje kwangu. Dada Zena!"

Watu wakapisha njia hadi jikoni. Shangazi akatokea, jasho usoni, mikono ina mafuta ya pilau. Akanawa taratibu, kiganja baada ya kiganja, wakati ua mzima unamtazama. Halafu akafungua pindo la kanga yake kiunoni. Mashine ya Babu ilikuwa humo, na wembe mpya ndani ya karatasi yake, na jiwe la shabu. Alikuwa amevibeba tangu alfajiri, akipakua, akikoroga, akiinamia moto, bila kumwambia mtu. Nilipoviona nilianza kulia, na sikujua kwa nini.

"Shikamoo, mzee," akamwambia babu yake Saida.

"Marahaba. Fanya kazi, binti yangu."

Akalishika jiwe la shabu penye jeraha hadi damu ikasimama. Akaagiza maji moto na taulo, akamfunika mdogo wake uso, akangoja. Watu wakanyoosha shingo, na yeye akangoja vilevile kama alivyokuwa akimngojea Babu. Akakoroga povu, brashi ikazunguka na kuzunguka, povu likamrukia kifuani na mikononi. Kisha akashika mashine kwa ncha za vidole. Kwaru. Shavu la kushoto likafunguka. Kwaru. Taya. Alipofika shingoni niliziba macho, halafu nikayafumbua, nikaona mashine inateremka kwa uzito wake mwenyewe, inapita juu ya vile vipele vilivyobaki bila kuvisumbua, inatoka upande wa pili imebeba povu na ndevu. Hakuna tone lililotoka. Mama Chilewa hakuweza kuvumilia. Akaupandisha wimbo kutoka pale ulipokatikia, ua ukaitikia, na Shangazi Zena akamaliza kumnyoa mdogo wake katikati ya kelele ambazo sijazisikia tena kwenye harusi yoyote, hata yangu.

Shuka ilipoondolewa, wanawake walipanga foleni kumpapasa Baba Mdogo. Shangazi yule wa soda akamshika shavu moja, akamshika la pili.

"Huku laini, na huku laini," akatangaza. "Lakini hili la kushoto lina utulivu wake."

"Mama, hata mimi nimekubali," Hamisi akasema. "Dada Zena, Ijumaa nakuja. Kigoda nitakuja nacho mwenyewe."

Shangazi akanivuta pembeni, akaniinamia. "Babu hakufa kwa ndevu, mwanangu," akaniambia. "Alikufa kwa kifua. Hata ningekuwepo." Akakitazama kigoda cha Babu, halafu akasema tena, safari hii si kwangu, "Hata ningekuwepo."

Sasa ilibaki kumpeleka bwana harusi ng'ambo ya barabara kwa nikahi. Msafara ukapangwa, wanaume na kanzu zao, wanawake na matarumbeta yao ya midomoni. Mama Mkubwa alikuja na dera jipya mkononi, dera lake mwenyewe la sikukuu, halijavaliwa. Hakuomba radhi, maana hakujua kuomba radhi. Alijua kupanga watu, na ndivyo alivyofanya.

"Zena, wewe utakaa mbele, mkono wa kulia wa Shabani," akasema. "Chukua hili uvae. Huwezi kwenda hivyo, umelowa povu mpaka kifuani."

"Najua," Shangazi akasema.

"Basi kabadilishe, tunachelewa."

Shangazi Zena akalipokea dera, akalikunja vizuri, akanikabidhi mimi nilishike. Akamshika mkono mdogo wake.

"Nitalivaa jioni," akasema. "Sasa hivi nataka Makole yote inione hivihivi." Na akatoka mlangoni wa kwanza, mbele ya watu wote.